Gemu Aliyoiacha Dineo

Kila Resego aliporudishwa kutoka kwa baba yake, jina la Dineo lilishuka naye garini. Lilipita getini, likaingia sebuleni, likakaa mezani likala. Dineo kasema hivi, Dineo kafanya vile, Dineo anaweza kumenya chungwa ganda lisikatike. Keneilwe, mama wa mtoto, alikuwa amezoea kuitikia "ehe" huku akisugua sufuria iliyokwisha takata. Alijiambia kwamba mtoto wa miaka saba husema lolote linalomjia. Lakini roho ilimuuma, na tusifichane, ilimuuma vibaya.

Dineo huyo alikuwa mke mpya wa Mothusi, na Mothusi alikuwa mume wa zamani wa Keneilwe. Walikuwa wameoana kwa heshima zote. Ng'ombe wa mahari walitoka Molepolole kwa kina Mothusi wakafika Mochudi kwa kina Keneilwe, na kwa hiyo mtoto alipozaliwa akawa wa ukoo wa baba, ukoo ambao mnyama wake ni Mamba, kama desturi inavyotaka. Ndoa ilikufa Resego akiwa na miaka minne. Hakuna sahani iliyovunjwa. Walikubaliana mtoto aishi na mama yake Broadhurst, mjini Gaborone, na wikiendi mbili kila mwezi aende kwa baba yake Tlokweng. Mpango huo ulimkaa vizuri Keneilwe mpaka siku Mothusi alipooa tena.

Angalau angeoa mwanamke wa hovyo! Keneilwe alimngojea kwa hamu huyo mwanamke wa hovyo, mwenye kucha ndefu na mdomo mchafu, ili amchukie kwa raha zake. Akaletewa Dineo, mwalimu wa chekechea kutoka Kanye, mrefu, mpole, mwenye pengo katika meno ya mbele, anayekupa mkono huku kashika kiwiko kwa adabu. Na kana kwamba hayo hayatoshi, watu wa Kanye nao ni wa Mamba. Mama yake Mothusi alipowaona Dineo na Resego wamesimama mlangoni pake, aliwaita kwa pumzi moja, "Bakwena!" yaani watu wa Mamba. Resego aliyasimulia hayo wakiwa wanakula, na mama yake akapoteza hamu ya nyama.

Lakini lililommaliza kabisa ni hili la gemu.

"Mama, kwa Dineo kuna gemu," Resego alisema Jumapili moja, begi bado liko mgongoni. "Kuna msichana, kaka yake kapotea kwenye theluji, na ni yeye anayemtafuta. Siyo kaka anamtafuta msichana. Ni msichana ndiye anatafuta!"

"Ehe."

"Dineo alihangaika sana kuipata. Anasema nyingi ni za wanaume wanapigana tu, na zikiwa na wasichana, hao wasichana wanasikia baridi, hawana nguo."

"Dineo kasema hivyo?"

"Ehe. Tunacheza wote wawili. Mimi msichana, yeye mbweha. Tukifa tunacheka."

Tukifa tunacheka. Keneilwe alikaa na maneno hayo wiki nzima kwenye karakana alikoshona sare za shule, yakazunguka na gurudumu la cherehani. Kilichomchoma ni kwamba wazo lenyewe lilikuwa lake. Ni yeye aliyekuwa akimwambia Resego tangu yuko mgongoni kwamba msichana hangoji kuokolewa. Ni yeye aliyemtafutia vitabu vya wasichana wanaopanda miti na kutengeneza redio. Sasa kaja mtu na pengo lake, kaingia dukani mara moja, kalichukua wazo la watu na kuliunganisha na televisheni.

Halafu Mothusi akapiga simu.

"Dumela, MmaResego," alimwamkia, akimwita mama Resego kama zamani.

"Dumela, rra. Sema."

"Ni habari ya likizo ya Desemba. Tulitaka Resego aje akae kwetu mwezi wote. Twende Kanye, twende naye kule kwenye ng'ombe, aone ndama."

"Tulitaka, wewe na nani?"

"Mimi na Dineo."

"Aa."

"Sitaki ugomvi, MmaResego. Nimeona tumuulize mwenyewe. Jumapili baada ya shule kufungwa nije hapo kwako, aseme mbele yetu sote. Akisema anabaki kwako, sifungui mdomo."

Keneilwe angeweza kukataa. Lakini kukataa kungekuwa sawa na kusema anaogopa, na hilo hakuwa tayari kumpa Mothusi, seuze mkewe. "Muulize," alisema. "Mwanangu namjua." Akakata simu. Mwezi mzima wa Dineo! Mtoto angerudi Januari anamenya machungwa kwa mtindo wa Kanye. Siku kumi zilikuwa zimebaki, na kabla ya saa kwisha alikuwa ameshakata shauri: atanunua gemu, na itakuwa bora kuliko ile ya mbweha.

Duka lilikuwa juu ya ngazi, kati ya saluni na mtengeneza simu. Mwenyewe aliitwa Rra Moatlhodi, mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye miwani ya kamba, na aliuza gemu kwa ukali uleule wa darasani.

"Nataka gemu ya mtoto wa kike," Keneilwe alisema. "Miaka saba. Shujaa awe msichana."

"Zipo." Akaweka moja juu ya kaunta.

Keneilwe aliinama akaitazama picha. "Rra, huyu kavaa nini?"

"Vazi la vita la chuma, mma."

"Chuma kilichoacha tumbo na mapaja nje kinakinga kitu gani? Mshale ukija, utapiga wapi kama siyo hapo?"

Rra Moatlhodi aliigeuza gemu akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Una hoja," alisema, akaiondoa na kuweka nyingine. "Huyu kajisitiri. Binti mfalme."

"Anafanya nini?"

"Yuko mnarani. Anangoja kuokolewa."

"Anangoja kwa muda gani?"

"Inategemea mchezaji. Saa ishirini hivi."

"Saa ishirini dirishani! Hana hata kitambaa cha kudarizi?"

Ya tatu ilikuwa na bunduki na damu ya kijani, na Keneilwe akasema damu ni damu hata ikiwa ya zambarau. Ya nne msichana alikuwa anapamba keki. "Kupika atapika nyumbani kwangu," alisema, "na vyombo ataviosha." Rra Moatlhodi alivua miwani, akaipangusa kwa shati, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Unanikumbusha mama mmoja. Alikuja na masharti kama haya yako. Alikaa kwenye kiti hicho hapo, mchana wa siku mbili, anazicheza moja baada ya nyingine mpaka mwisho kabla hajanunua. Nimefundisha miaka thelathini na moja, sijaona mzazi wa namna ile."

Keneilwe alikitazama kiti. "Mrefu?"

"Mrefu."

"Ana pengo hapa?"

"Kumbe unamjua MmaResego!"

Kama angepigwa kofi angesikia nafuu. MmaResego alikuwa yeye. Jina hilo alipewa na mama yake mzazi siku mtoto alipozaliwa, na alilipata kwa kupasuliwa tumbo, siyo kwa kukaa kwenye kiti cha duka akibonyeza vidude.

"Mwenyewe ndiye aliyesema anaitwa hivyo?" Keneilwe aliuliza.

"Hapana, nilimwita mimi. Nilimuuliza mtoto anaitwa nani, akaniambia Resego. Nilipomwita MmaResego alicheka tu akaziba mdomo. Na wako anaitwa nani?"

"Resego."

"Wamejaa mji huu. Mnyama wa ukoo wake?" Rra Moatlhodi aliona jinsi anavyotazamwa, akainua mkono. "Usinicheke, mma. Mzee mmoja alinirudishia gemu hapa anatetemeka kwa hasira. Mjukuu wake wa ukoo wa Simba, kapewa mkuki ndani ya gemu aue simba. Simba saba! Tangu siku hiyo nauliza kwanza."

Ni swali ambalo mama yeyote Gaborone angelijibu bila kufikiri, kama anavyotaja jina lake. Mtoto wa ndoa ya ng'ombe ni wa baba yake. Resego ni wa Mamba. Keneilwe alilijua jibu, lilikuwa tayari mdomoni, na hapo hapo akamwona Dineo kwenye kile kiti, amevuka miguu, anacheka na kuziba mdomo, wa Mamba yeye na mtoto, na bibi mlangoni akiwaita kwa pumzi moja.

"Tumbili," alisema.

Tumbili ni wa Mochudi, wa baba yake Keneilwe, wa kwake mwenyewe. Alilisikia neno likitoka na likamwia tamu.

"Basi ni Resego mwingine," alisema Rra Moatlhodi. "Yule ni wa Mamba."

"Mwingine kabisa."

Mzee alipanda kigoda akashusha gemu kutoka rafu ya juu. Kwenye picha palikuwa na msichana mweusi, nywele zimesukwa mistari, gauni limefika magotini, kasimama kwenye mtumbwi na kasia mkononi. "Nomi na Mto Mkuu. Imeandikwa miaka saba na kuendelea. Hakuna bunduki, hakuna damu, kila adui anageuka mapovu. Nomi anakwenda kumtafutia bibi yake dawa. Hii ndiyo nzuri kuliko zote humu ndani. Yule mama niliyekuambia aliitaka kweli kweli, lakini haikumfaa, kwa sababu…"

"Nifungie," alisema Keneilwe.

"Ngoja nikueleze kidogo…"

"Rra, nimesema nifungie. Na ile mashine ya kuchezea pale pembeni, iliyotumika, na rimoti mbili."

Kwa mtoto wa Tumbili hakukuwa na la kuonya, kwa hiyo Rra Moatlhodi hakung'ang'ania. Keneilwe alishuka ngazi na boksi kifuani. Jua la Novemba lilikuwa linaunguza lami, yeye hakulisikia. Aliitaka kweli kweli lakini haikumfaa! Labda ilimshinda kucheza. Labda Mothusi alibana mfuko. Sababu yoyote ingekuwa nzuri, na njia nzima alizibadilisha moja baada ya nyingine kama mtu anayejaribu viatu.

Shule zilifungwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi Keneilwe alikaanga maandazi ya magwinya, akafunga mapazia jua lisipige kwenye televisheni, akamwita Resego. Mtoto alipoiona picha ya Nomi alishika mashavu.

"Mama! Kasuka kama mimi!"

"Ehe. Umeona?"

"Na ni yake mwenyewe? Hakuna mvulana?"

"Hakuna mvulana. Kuna bibi mgonjwa na mto."

Walicheza. Keneilwe alikuwa mbovu wa kutisha. Alipewa awe ndege anayemsaidia Nomi, na ndege huyo aligonga kila mti uliokuwa mbele yake, akatumbukia majini, mara moja akaruka kinyumenyume mpaka akatoka kwenye picha asionekane tena. Resego alicheka hadi akajilaza sakafuni, vidole vimejaa mafuta ya magwinya. "Mama, unaua ndege!" Keneilwe naye alicheka, kicheko kilichoanzia tumboni, na akafikiri, kumbe na sisi tukifa tunacheka. Saa nzima ilipita Dineo hajatajwa. Alijua kwa sababu alikuwa anaitazama saa ya ukutani.

Angeacha hapo. Lakini mwenye wivu hajui kuacha, lazima akwangue.

"Hii na ile ya mbweha," alisema, kama mtu asiyejali, "ipi nzuri?"

"Hii."

"Kabisa?"

"Kabisa!" Resego aliwaza kidogo. "Dineo angeipenda sana."

Keneilwe alimeza gwinya bila kulitafuna.

Muda si mrefu Nomi alifika mahali ambapo mto ulikuwa mwembamba, na maji yakaanza kuchemka. Kilitoka kichwa, halafu mgongo wenye miba, halafu mkia. Alikuwa mamba mkubwa, kalala kukatisha mto kingo hadi kingo, na juu ya picha yakatokea maandishi ambayo Resego aliyasoma polepole, silabi kwa silabi: mpige kwa kasia puani mara tatu.

Resego aliweka rimoti kwenye zulia. Aliiweka taratibu, kama mtu aliyebeba yai.

"Vipi?" alisema Keneilwe. "Mpige, atakula mtumbwi."

"Siwezi."

"Mbona wale ndege wabaya umewapiga? Atageuka mapovu tu."

"Mama, ni mamba."

Hapo ndipo Keneilwe alipoelewa, na alielewa yote kwa mpigo, duka, kiti, rafu ya juu, haikumfaa kwa sababu. Dineo aliicheza gemu hii mpaka hapa. Alifika mtoni, akamwona mamba, akaitoa na kuirudisha, ingawa aliitaka kweli kweli. Dineo alijua mtoto ni nani. Na yeye, mama mzazi, aliulizwa waziwazi akadanganya.

Mtu mwingine angeona aibu kwanza. Keneilwe aibu ilimjia ikiwa imevaa hasira.

"Ni picha, Resego. Si mamba, ni picha ya televisheni."

"Bibi alisema hatumgusi. Hata ngozi yake hatuvai. Tukimwona tunampa heshima."

"Bibi gani? Wa Molepolole? Bibi wa Molepolole anajua gemu? Au ni Dineo aliyekufundisha hayo?"

"Wote wanajua," alisema Resego, na mdomo wake wa chini ukaanza kucheza. "Kila mtu anajua."

"Nimeitafuta gemu hii jua kali, nimegombana na mzee wa watu, nimechagua kitu cha heshima, msichana ana nguo, hakuna damu, halafu unaniwekea rimoti chini kwa ajili ya katuni?"

"Mama, usimpige."

Keneilwe aliokota rimoti. Ndege aligonga miti yote, lakini kasia halikukosa. Puani, mara moja. Mara mbili. Alibonyeza kwa nguvu hadi kidole gumba kikauma. Mara ya tatu yule mamba alifumba macho, akazama, na mto mzima ukajaa mapovu ya rangirangi na muziki wa ushindi.

"Umeona?" alisema, anahema. "Hakuna kitu. Kimetokea nini? Hakuna."

Resego alikuwa anamtazama yeye, si televisheni.

"Yule ni mimi, Mama," alisema. Halafu akaenda chumbani kwake akafunga mlango, na hakuubamiza.

Keneilwe alibaki na muziki. Ulirudia na kurudia, naye hakujua unazimwaje, mwisho akachomoa waya ukutani. Alikwenda akasimama nje ya mlango wa mtoto. Alitaka kusema nisamehe. Neno lilifika kooni, na nyuma yake kikafika kitu kingine, hofu ya kesho, Mothusi akisikia, mama yake Mothusi akisikia, Dineo akisikia na kutingisha kichwa kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo hasa iliyomshinda.

"Resego," alisema kwenye mbao. "Haya ya leo tusimwambie baba yako. Sawa?"

"Sawa, Mama," mtoto akajibu.

Kesho yake saa tano walifika. Mothusi alikuwa na shati la kanisani, Dineo na gauni la leteisi, kitambaa cha sherehe, la bluu lililomkaa sawasawa, na Keneilwe, fundi wa nguo, alitafuta kasoro kwenye mishono asiione. Siku zote Dineo alibaki garini. Leo Keneilwe alimkaribisha ndani, kwa sababu kumwacha nje kungeonekana woga, na kwa sababu, ikiwa mtoto atachagua kwao, heri aone kwa macho yake jinsi mwanamke huyu atakavyofurahi, apate cha kumchukia.

Dineo aliketi. Macho yake yalizunguka sebuleni kwa adabu, yakafika chini ya televisheni, yakakuta boksi la Nomi. Akaitazama ile picha. Akamtazama Resego, aliyekaa kimya kwenye ukingo wa kochi, miguu haifiki chini. Akamtazama Keneilwe. Kisha akaushusha uso wake kwenye glasi ya maji aliyopewa na hakusema neno. Keneilwe alitamani aseme. Angesema, wangegombana, pangekuwa na nafuu.

"Haya, Resego wangu," alisema Mothusi. "Mama kakueleza. Likizo hii, unataka kukaa wapi? Sema unachotaka, hakuna atakayekasirika."

Resego aliangalia magoti yake.

"Nakaa na Mama."

Moyo wa Keneilwe uliruka. Alijitayarisha kwa kipigo tangu alfajiri, na sasa haya! Hakumtazama Mothusi kabisa, alimtazama Dineo, naye alipata alichokitaka. Uso wa Dineo ulianguka. Alijaribu kutabasamu, pengo likaonekana nusu, likafungwa. "Sawa, mama," alimwambia mtoto kwa sauti ndogo. "Ndama watakungoja." Macho yalikuwa yamemlowa. Mothusi, mtu wa neno lake, hakufungua mdomo. Alishika funguo za gari.

Kama Keneilwe angewaacha waondoke, angekuwa ameshinda mpaka leo. Lakini utamu ulikuwa umempanda kichwani. Alitaka Dineo asikie kwa masikio yake, asikie sababu, aende nayo Tlokweng.

"Waeleze kwa nini, mwanangu," alisema.

Resego aliinua macho. "Niseme?"

"Sema tu, usiogope. Wasije wakadhani nimekufundisha."

Mtoto aliwatazama mmoja mmoja, kama anayetafuta nani ataumia kidogo.

"Kwa sababu Dineo haumwi," alisema.

"Haumwi nini?" Keneilwe aliuliza.

"Nikimwambia nimecheza na wewe, Dineo ananiuliza, mlicheka? Nikisema tulicheka, anafurahi. Lakini wewe nikikwambia nimecheza na Dineo, unaumwa. Unanyamaza, halafu huli. Nikienda mwezi mzima utaumwa sana, na hapa hakuna mtu mwingine." Akafuta pua kwa mkono. "Basi ndiyo nakaa."

Mothusi alitazama viatu vyake. Dineo aligeuza uso dirishani ili Keneilwe asionekane, na Keneilwe aliuona wema huo, na hata hapo, hata katika saa ile, akamchukia kwa ajili yake. Lakini chini ya chuki hiyo palikuwa pamefunguka shimo. Mtoto wake wa miaka saba alikuwa amechagua kama mtu mzima anavyochagua kubaki na mgonjwa. Alikuwa amekaa nyumba hii kwa miezi mingi akimpima mama yake, akihesabu maneno ya kusema na ya kumeza, na jana alipewa lingine la kumeza, kupitia mlangoni.

"Jana nilimpiga mamba," alisema Keneilwe.

Mothusi aliinua kichwa. "Mamba gani? Wapi?"

"Hapo kwenye televisheni. Mbele yake. Alinisihi nisimpige, nikampiga mara tatu. Halafu nikamwambia akufiche."

Mothusi alifungua mdomo, na Dineo akamwekea mkono gotini, basi akaufunga.

Keneilwe aliinuka akaenda chumbani kwa mtoto. Alishusha begi kubwa kutoka juu ya kabati. Akaweka gauni, suruali mbili, kofia ya kule kwenye ng'ombe, nguo za ndani za kutosha mwezi. Mikono ilijua kazi yake, na hilo lilikuwa jambo jema, kwa maana macho hayakuwa yanaona vizuri. Resego alikuja akasimama mlangoni.

"Mama, nimesema nabaki."

"Nimesikia."

"Hukufurahi?"

"Nilifurahi sana. Ndiyo shida yenyewe." Alikunja sweta, akalikunjua, akalikunja tena. "Na yule mamba, Resego, nilijua. Nilijua ni wewe. Nisamehe."

Resego alikuja akaketi kitandani karibu na begi. Sebuleni Dineo alikohoa kidogo. Mtoto aligusa zipu, hakuivuta.

"Nikienda, utaumwa?"

Mama wote husema hapana, na Keneilwe hapana aliyo nayo ilikuwa tayari, imepigwa pasi. Aliiacha.

"Nitaumwa," alisema. "Lakini ugonjwa ni wangu, siyo wako. Vaa viatu."